Hesabu za Penseli

Michezo kumi na minne, tumeshinda mitatu.
Hilo nimeliandika kwa wino, halifutiki.
Yanayofuata nayaandika kwa penseli
kwenye kaunta buku inayonuka asali,
maana ofisi ya timu ya Nyuki, hapa Isevya,
ni kona ya duka la Nyamizi, mweka hazina,
baina ya madumu na mizani.

La kwanza. Kigoma wanamtaka Kalunde.
Wanatoa walinzi wawili, mapacha wa Gungu,
miaka kumi na tisa, mapafu yaliyozoea vilima,
na juu yake mipira minne mipya.
Nyamizi anaguna: "Senta mzima!
Hata ng'ombe huuzwa na kamba yake."

La pili. Shinyanga kuna mdunguaji aliyeachwa.
Pointi tatu anazitupa kama kokoto kisimani,
ila hugombana na marefa, na makocha, na kioo.
Posho anaitaka kabla hajafunga kamba za viatu.
Nimemzungushia duara. Nimelifuta.
Karatasi imechanika kidogo pale.

La tatu ni kutulia,
kuwaita wale wasichana wa sekondari wanaochungulia ukutani,
kufungwa mwaka mzima,
na mwaka wa pili kufungwa kwa tofauti ndogo.
Kujenga upya, ndivyo tulivyomwambia mfadhili.
Naye, muuza mabati, akauliza:
"Mnajenga? Bati ngapi?"

Usiku nilifunua kurasa za nyuma.
Mrina asali asiyejua kazi hukamua hadi sega la mayai.
Dakika arobaini, Kalunde. Dakika arobaini, Kalunde.
Misimu mitatu, kila mchezo,
goti limefungwa bandeji ile ile
anayoifua mwenyewe na kuianika kwenye waya wa goli.
Mwandiko ni wangu.

Jumanne akaja, akaburuta kiti.
"Nasikia mmenipandisha kwenye mizani."
Nyamizi akajitia kuhesabu chenji.
Nikamgeuzia daftari. Akalisoma lote, taratibu,
akaichukua penseli, hakufuta kitu,
ila pembeni ya mipira minne
akaandika: sita.

Kigoma wakakubali sita.

Bukuru na Butoyi waliteremka stesheni alfajiri
na ndoo ya dagaa, na mipira ndani ya wavu,
na jozi moja tu ya raba nzuri, wanayoivaa kwa zamu.
Hilo kwenye barua halikuandikwa.
Treni ya Kalunde ilikuwa ya usiku.
Katikati palikuwa na mchana mzima, na uwanja.

Hakuwapa nasaha. Aliwasukuma.
Aliweka mgongo wake chini ya goli, akasema piteni,
wakashindwa, akasema tena,
mpaka Butoyi, peku, akapenya chini ya kwapa lake
na mpira ukaingia bila kugusa chuma.
Wale wa sekondari walikuwa wamekwisha kuruka ukuta.

Jioni akawaonyesha ubao wa upande wa reli.
"Huu skrubu zake zimelegea. Lengeni juu ya mstari, inchi mbili.
Wageni hawajui. Ni pointi sita za bure, kila mchezo."
Kisha akanyamaza, akanitazama,
tukakumbuka pamoja
kwamba msimu ujao mgeni ni yeye.

Alicheka mpaka akachuchumaa, mkono kwenye goti.

Honi ya treni nimeisikia nikiwa dukani.
Mapacha wamelala juu ya magunia, kila mmoja na kiatu kimoja.
Nimechonga penseli. Ukurasa mpya, mstari wa kwanza:
kesho, kabla ya yote, kuazima bisibisi.