Ngeli za Shimanzi

Saa nne usiku, ghorofa ya tatu, Mwembe Tayari.
Chini yetu duka la vipuri limefungwa,
feni inazungusha joto lilelile.
Kompaila imenikatalia mara ya sita:
«Ulichoahidi ni Uzito. Ulicholeta ni Neno.»

Mkala anacheka. Yeye ni wa lugha zisizouliza.
«Acha ipite, Kadzo. Ikianguka, itaangukia kazini.»
Iliangukia kazini.
Ramadhani iliyopita, ghala la Shimanzi,
karani aliandika «kumi na mbili» kwa herufi
palipotakiwa tarakimu, mashine ikanyamaza,
na tani kumi na mbili za vitunguu
zikachipua gizani.

Mimi nimelelewa na ngeli.
Mwalimu Mwachiro, shuleni Changamwe,
ukimwambia «kiti imevunjika»
hakungoja ufike mwisho:
alikunasa kwenye «i»,
kabla kiti hakijavunjika.

Lakini tazama mstari huu, Mkala. Neno moja: pakua.
Sijui kitakachokuja, wala sihitaji kujua,
mradi kimeapa kuwa ni Mzigo.
Kontena litaita winchi, gunia litaita mgongo,
pipa la mafuta litadai mpira na subira.
Na mama, Kisauni, saa hii,
anapakua pilau kwa neno hilohilo
na hakuna winchi inayoshuka jikoni.

Au chukua «piga».
Piga pasi, piga deki, piga simu, piga magoti:
hakuna aliyeumia,
mkono unajua wenyewe pa kwenda.

Na kiboko? Kavaa «ki» kama kikombe,
foleni moja na kijiko na kisu,
ila mguse tu, uhai unajibu:
kiboko amelala.
Jina lilitangaza hivi, mwili ukaitika vile,
na sarufi ilijua tangu mwanzo.

Hapo Mkala akavuta kiti. Hakusema kitu.

Saa sita na dakika kumi: «Makosa: sifuri.»
Nikaikodolea macho ile sifuri.
Kiti kimekula ugali.
Mwalimu Mwachiro angeitia tiki sentensi hiyo,
kila kiambishi mahali pake,
na ugali bado umo sufuriani.

Mkala kashaanza kufunga madirisha.
Mimi nafungua faili jipya, la majaribio, naandika:
gunia moja, vitunguu,
uzito kilo tisini
chini ya sifuri.