Nyundo ya Etelka

Karakana ya reli, Szolnok, Januari,
saa kumi alfajiri, grisi imeganda makoponi.
Mimi nina mashine: kioo, waya,
na cheti chenye mhuri wa chuo cha Budapest.
Etelka Bodnár ana nyundo
yenye mpini mrefu kama wa jembe,
na sikio moja tu linalosikia vizuri.

Hupita akigonga magurudumu, moja baada ya jingine,
nge, nge, nge,
kama abishaye hodi kwa majirani
anaojua wako macho.

Kwenye behewa la nane akasimama.
Akagonga tena. Akavua kofia ya sufu.
"Hili linaumwa."
Nikapitisha mashine: mstari umenyooka.
Nikapitisha mara ya pili, ya tatu, kwa ukaidi.
Zima, nikamwambia. Zima kabisa.
"Linaumwa. Wapi, sijui."

Nikamuuliza amejuaje.
Akaitazama nyundo
kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.
"Mama yako akikupigia simu
akasema hajambo,
wewe humjui kwa ile *ha* ya kwanza?"

Tuliling'oa lile gurudumu.
Ndani, pale ekseli inapokumbatiwa na chuma,
mahali mawimbi yangu hayafiki,
palikuwa na ufa mwembamba kama unywele wa mtoto.

Ningeishia hapa, hadithi ingekuwa tamu
na mimi ningekuwa mwongo.
Maana mwezi Machi machale yalimcheza tena,
akazuia treni ya ngano saa tano nzima.
Tukang'oa magurudumu mawili, kisha la tatu,
msimamizi akitukana kwa simu.
Hamna kitu. Chuma kizima, king'aavyo kama sahani.
Mashine ilikuwa imesema hivyo tangu mwanzo.

Etelka aliketi juu ya reli.
"Jana tumemzika kaka yangu," akasema.
"Leo kila ninachokigonga kinalia."

Sikujibu. Nilimpa chai ya chupa,
akainywa bila kuvua glavu.

Tangu siku ile yeye hutangulia na chaki,
mimi nafuata na waya.
Anapochora msalaba, nainama pale
ambapo peke yangu nisingeinama;
nami nikisema hapana, huuliza,
"Hapana ya kweli, au ya mashine yako?"
Mara nyingine nacheka. Mara nyingine
narudi kupima.

Na juzi, nikiwa peke yangu, nimeazima nyundo,
nikagonga, nge, nge,
kisha kitu kikanishika tumboni
kabla sijajua nimesikia nini.

Fomu yetu ina visanduku viwili:
*zima*, *bovu*.
Nimechora cha tatu kwa penseli, kidogo, pembeni:
*sikiliza tena*.
Msimamizi hukifuta kila Jumatatu.
Jumanne nakichora.