Vifungo Saba

Wiki ya tisa ya mazoezi, wodi ya kiharusi, Sunderland.
Nje theluji nyepesi inajifanya mvua.
Bwana Thorburn kakaa ukingoni mwa kitanda,
shati la bluu mabegani, mkono wa kushoto
umelala pajani kama mgeni asiyeaga.

"Mikono nyuma," Bi Garbutt alishaninong'oneza.
"Ukimfunga wewe, leo umempa shati,
kesho umemnyima mkono."
Nimeyaandika daftarini. Nimeyapigia mstari.

Lakini kwetu Korogwe
mkubwa hahangaiki mdogo akitazama;
jicho la mama lingetosha kunichapa.

Kifungo cha kwanza, dakika nne.
Kwa lugha yangu neno ni hilohilo:
cha shati na cha jela.
Gumba linasukuma, tundu linakwepa,
jasho limemtoka, nami
nyuma ya mgongo nafunga na kufungua
vifungo visivyokuwepo.

Cha pili. Cha tatu.
Huyu aliwahi kuchomelea meli.
Cha nne kinamponyoka mara sita.
Nahesabu, nisije nikalia.

Cha saba hakina tundu.
Aliruka moja kule juu kabisa,
shati lote limekwenda upande.
Nafungua mdomo. Naufunga.

Anajitazama. Ananitazama.
Kisha kwa kidole kilichochoka
ananionyesha kifuani:
sweta langu, tangu basi la alfajiri,
limefungwa vivyo hivyo.

Tunaanza upya, wote wawili,
kutoka chini.