Kabla Hujalifikicha

Usilifikiche.
Hilo ndilo neno langu la kwanza mlangoni,
kabla ya salamu, kabla ya jina,
maana mkono una pupa kuliko akili.

Saa nane usiku Xanti aliletwa kashikwa mkono na mkewe.
"Mchanga," alisema, "mtu kanimwagia mchanga chini ya kope."
Mchanga haukuwepo. Nikamuuliza alishinda wapi.
Alikuwa akichomelea geti la makaburini, vipande viwili tu vya mwisho,
barakoa iko ndani ya gari, na mvua ya milimani inanyemelea.
Mwanga ule hauumizi papo hapo.
Hukuacha ule chakula cha jioni, ucheke na watoto,
kisha hukufuata kitandani kudai deni lake.
Macho yote mawili mekundu, yanatiririka, yanaikimbia taa.
Huyu atapona. Keshokutwa ataapa kwamba harudii,
nami nitamwitikia, kama nilivyomwitikia mwaka jana.

Ninaowaogopa ni wasiolalamika.

Bi Maddalen, aliyekuwa akipaka chokaa zizi la kondoo,
aliingia ametulia, akaomba radhi kwa usumbufu.
"Liliwaka moto kidogo. Sasa halina neno."
Jicho lilikuwa jeupe pale lilipopaswa kuwa jekundu,
jeupe kama la samaki aliyeiva.
Chokaa ilikuwa imeyala hata maumivu.
Nilimlaza chini ya bomba, nusu saa na zaidi,
maji yakimwingia masikioni, shingoni, kwenye sweta,
umri wake sikuuliza, wala karatasi zake.

Na Oihan, mtoto wa juzi, kutoka uwanja wa pelota.
Mpira ule wa ngozi, mgumu kama jiwe la mto,
ulirudi kutoka ukutani kabla hajageuza uso.
Mama yake aliutazama uvimbe wa zambarau, akalia.
Mimi nilimketisha wima, nikangoja.
Taratibu, mbele ya ukahawia wa jicho,
damu ikatua, ikajipanga kwa mstari mnyoofu
kama divai iliyosalia kwenye bilauri.
Kijana akaanza kusinzia. Mama akadhani ni uchovu.
Nikanyanyua simu.

Kuna siku mboni huja imepoteza uduara wake,
imechongoka kama tone, ncha ikielekea jeraha.
Hapo hatuoshi, hatubonyezi, hatuchomoi kitu.
Kikombe cha karatasi juu yake, na gari liondoke.

Baba yangu alichonga mawe.
Wiki nzima aliona vimulimuli mchana kweupe, akavihesabu kwa mzaha.
Wakafuata nzi weusi ambao hakuna aliyeweza kuwafukuza.
Kisha pazia, kutoka upande wa pua,
likasogea kama mlango wa duka linalofungwa.
"Mbona haliumi," alisema.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilimwamini.

Basi nivumilie na maswali yangu.
Ni vidole vingapi? Ziba hili. Sasa lile.
Lilianza lini, ulikuwa umeshika nini, unaona kivuli pembeni?
Jibu bila haraka.
Na mkono huo, tafadhali,
ushushe.