Mgongo Usio na Pembe

Nilirudi kwetu Ureno mwezi wa Machi,
miaka ishirini na sita ya kufagia ofisi za Lyon nyuma yangu,
nikakuta mama ameniachia mbuzi tisa,
bata bukini wanne wenye kisirani,
punda, kuku, kondoo mmoja anayechechemea,
na mnyororo ukutani usio na mbwa.

Usiku wa tatu mbwamwitu akashuka.
Asubuhi mbuzi walikuwa wanane
na kwato moja kando ya kisima.

Basi mlima mzima ukawa chuo kikuu.

Gaspar mwashi akasema: chukua mbwa wa Kijerumani,
masikio wima, kifua cha askari,
mwizi akimwona atakumbuka ana shughuli kwingine.
Lakini huyu mwizi wangu, Gaspar,
ana miguu minne na hana shughuli kwingine.

Mpwa wangu Telmo akaniletea kutoka Braga
mbwa wa kuchunga, mweusi kwa mweupe, mwenye akili kuliko karani.
Kweli akili alikuwa nayo. Ndiyo iliyoniponza.
Mbuzi wanane hawakumtosha, akawapanga kuku,
kuku walipojipanga akawageukia bata,
kisha akanipanga mimi, jikoni hadi zizini,
amenikazia macho kama msimamizi wangu wa Lyon.
Kuku wakagoma kutaga.
Punda alimpa teke moja la adabu.
Siku ya kumi na mbili nikamrudisha:
mwerevu asiye na kazi hujitungia,
nami nilikwisha staafu.

Porfirio mwindaji alinipa wake bure,
mwembamba, mbio, bingwa wa sungura.
Rahisi huvunja upishi.
Kabla sijaepua supu majogoo wawili hawapo,
naye amesimama mlangoni, manyoya mdomoni,
ananiuliza kwa macho: si ndiyo kazi uliyoniitia?
Sikumpiga. Kinachokimbia hukimbizwa,
babu zake walimfundisha hivyo kabla sijazaliwa.

Ndipo nikapanda kwa Deolinda,
saa mbili za mawe na miiba.
Hakuniuliza habari za rangi wala masikio.
Aliniingiza zizini, gizani, kwenye joto la sufu,
na katikati ya kondoo wanaocheua
jike mkubwa mweupe alikuwa akinyonyesha.
Watoto watano. Wanne wakanikimbilia,
wakanilamba vifundo vya miguu.
Nikainama. Akanishika bega.
“Anayekukimbilia atakuwa wako.
Wewe umekuja kutafuta wa mbuzi.”

Wa tano alikuwa amelala.
Mwanakondoo alikuwa akimtafuna sikio, polepole,
naye wala hakufumbua jicho.

Nililipa jibini tatu na kreti ya viazi.

Nisikudanganye, mwaka wa kwanza ulikuwa wa majuto.
Alikula kamba, ndoo, kiatu cha marehemu mama.
Alicheza na mwanambuzi hadi akamtegua mguu.
Nikapiga simu, nikamwambia Deolinda, njoo umchukue.
Akacheka kikohozi chake.
“Wewe ulijua kufagia siku ya kwanza?”

Novemba, theluji ya mapema.
Nilisikia sauti ambayo sikujua anayo,
nzito, kama mtu anayesukuma kabati sakafuni.
Hakurukia chochote. Hakukimbiza chochote.
Alisimama tu kati ya giza na mbuzi
akabweka hadi alfajiri,
na Gaspar, kilomita nzima kutoka kwangu, akaja kulalamika
kwamba hakupata lepe la usingizi.
Nikampa kahawa. Nami sikulala,
ila nilikuwa nimekesha kwa raha.

Nikimwita aje jikoni karibu na moto
ananitazama, anatikisa mkia mara moja,
heshima tu, kama kwa mwenye nyumba,
kisha anarudi kujikunja kwenye majani makavu.
Sina mbwa. Mbuzi ndio wana mbwa.
Mimi ni yule anayeleta chakula.

Kila asubuhi nahesabu migongo:
wanane, na mwanambuzi wa mguu uliopona, tisa,
na mmoja mweupe, usio na pembe,
unaofuka mvuke kama wengine.
Kumi.