Saa ya Bremen

Ilifika Jumanne kwa posta,
imeviringwa gazeti la Kijerumani
na soksi moja ya sufu, niliyodhani imepotea.
Rannvá ndiye aliyeituma.
Kitabu cha maelekezo kina lugha kumi na moja;
yetu haimo.

Billa akavaa miwani, akasoma kwa Kidenishi,
mimi nikafuata kwa vidole.
Betri za kikasha cha nje kwanza, za saa baadaye.
Kisha msiguse kitufe chochote robo saa nzima.
Robo saa!
Hapa Gjógv robo saa inatosha mvua, jua,
ukungu, na mvua tena ikirudi kuchukua alichosahau.
Tukakaa. Tukaitazama kama mgonjwa.

Kikasha kitundikwe ukuta wa kaskazini, kivulini.
Nikacheka. Novemba, kijiji kizima ni kivuli.
Nikakipigilia kwenye kibanda cha kukaushia nyama,
na usiku ule ule upepo ukakinyofoa.
Nilikikuta kwenye senyenge ya zizi,
dume la kondoo likikinusa,
na ndani, mezani, kioo kikiendelea kusema
nyuzi nne, nyuzi nne,
kweli tupu.
Sasa kimefungwa kwa kamba ya nyavu, mafundo saba.

Ikabaki saa yenyewe.
Inasubiri wimbi kutoka mlingoti mmoja Ujerumani,
usiku wa manane, redio za watu zikishalala.
Usiku wa kwanza, patupu. Wa pili, patupu.
Kimnara kidogo pembeni mwa kioo
kinapepesa, kinapepesa, kinakata tamaa.
Billa akaiondoa juu ya friji,
akaiweka dirishani, akaigeuza kusini-mashariki
taratibu, kama anayemgeuza mtoto amwone mgeni.

Asubuhi ya nne imeshika.
Imepatia nukta, imekosa saa:
sisi saa mbili, yenyewe saa tatu.

Dawa ipo, ukurasa wa kumi na tisa:
bonyeza kitufe cha kanda, toa moja.
Kidole changu kilikuwa njiani
Billa aliponishika kiwiko.
"Iache."
"Tutafika kituo cha basi kabla ya dereva kuamka."
"Ya ukutani si ipo? Hii ni ya kule."

Nikakubali, shingo upande.
Siku hizi simu ikilia hatuhesabu tena vidole
kujua kama amekula, kama amechelewa kulala.
Huuliza, "Bado imeshika?"
"Imeshika," anajibu Billa,
bila kusema imeshika nini.

Leo nimegonga barometa ya baba kwa ukucha,
kama kila siku. Sindano imeshuka.
Kwenye kioo cha Rannvá jua limechorwa, linacheka,
na nje mvua inapita imelala ubavu.
Saa tatu kamili, inasema.
Huko ameshaingia kazini, koti liko msumarini.
Sisi tuna saa nzima bado.
Billa anatia maji kwenye birika.