Njia ya Moshi

Julai, mjini Moshi, saa mbili kasoro,
mlima umejifunika shuka hadi kidevuni
na sisi kumi na wawili wa wodi ya kifua
tumeketi kwenye viti vya plastiki, makoti juu ya sare,
tukisubiri chai, kusema kweli, kuliko mafunzo.

Mwalimu alitoka Same, Bi Nakijwa,
mfupi, sauti ya kuita watu ng'ambo ya korongo.
Hakuanza na takwimu.
Alimtazama tabibu Lomayani, akazitazama ndevu
alizozilea tangu Pasaka,
akasema, "Hizo, baba, ni milango.
Kila unywele umeshikilia mlango wazi."
Tulicheka. Lomayani alicheka kidogo.
Baada ya chai alirudi kidevu kinameremeta
na hakuna aliyejua atazame wapi.

Kisha kofia, ile ya nailoni yenye kidirisha.
Tulivishwa mmoja mmoja juu ya barakoa
naye akipuliza dawa chungu kwenye kijitundu.
"Soma kwa sauti. Geuza shingo. Inama.
Ukionja shubiri, inavuja."
Mimi niliinama mara tatu, sikuonja kitu.

Dada Aikaruwa,
miaka ishirini na sita ya zamu za usiku,
aliyetufundisha sote kuutafuta mshipa taa zikikatika,
alipulizwa mara moja tu
akainua mkono.
Uchungu.
Akapewa saizi nyingine, akabana chuma cha pua.
Uchungu.
Ya tatu ndiyo ikamkaa.
Alirudi kitini na zile mbili mapajani
akizigeuza ndani nje, nje ndani,
nami nilijua anahesabu nini.
Sote tulikuwa tukimhesabu Anaeli,
kifua kikuu sugu, vidonge mwaka na nusu,
sindano zilizomwachia nyuki masikioni
hata simu za wanawe akawa hazisikii.
Na sisi tulisema, wakati ule,
ni bahati mbaya, ni damu yake nyepesi.

Mchana tukaingia wodini.
Nakijwa akatoa udi mkobani, udi wa kawaida
wa kufukizia chumba cha wageni,
akauwasha kando ya kitanda cha nne.
"Tusiulizane sisi. Tuulize moshi."
Mtu wa nyuma akanong'ona: na Moshi ijibu.

Moshi ulisimama wima, ukafikiri,
ukapinda.
Ukamvuka mzee Kileo na kikohozi chake,
ukavuka dripu, ukavuka kapu la taka,
ukaja taratibu kama mtu anayeijua nyumba
ukaketi juu ya meza yetu,
pale tunapoandikia mafaili,
pale tunapotafunia vitumbua saa kumi alfajiri.

Na kule juu, kwenye matundu ya hewa,
bango letu la rangi nne, limegandishwa kwa gundi
kuziba baridi:
KINGA NI BORA KULIKO TIBA.

Nililibandika mimi.
Wagonjwa walilia kwamba upepo wa mlima unawatafuna mifupa,
nami nikapanda kiti.

Sikungoja kuambiwa. Nilipanda kiti kilekile.
Gundi ilikuwa imeshika, likatoka vipande vipande:
KINGA ikabaki ukutani,
TIBA ikanibaki mkononi.
Baridi ikaingia na harufu ya migomba iliyolowa.
Mzee Kileo akavuta blanketi hadi masikioni,
"Wanangu, mnataka kutuua?"
Tukamletea la pili.

Tukaibeba meza, watu wanne,
hadi upande ule upepo unakoingilia.
Udi mwingine. Moshi ukatugeuzia mgongo,
ukatokea dirishani, ukapita juu ya paa la jiko
ukapotea.

Sakafu hupigwa deki kila asubuhi,
lakini alama nne za miguu ya meza ya zamani hazitoki.
Dada Aikaruwa akifika hapo hakanyagi.
Anazunguka.